Kuvuta

Daktari wa Urambo aliniuliza,
"Umevuta miaka mingapi?"
Nikamwambia, mama, fafanua,
maana nimevuta mengi.
Nimevuta kamba ya kisima cha Mihayo ndoo ikija nusu tope,
nimevuta marobota ya tumbaku hadi kwenye mizani ya chama
na kusubiri mteuzi ayanuse, ayakunje uso, ayashushe daraja.
Nimevuta jiko, na jiko lenyewe ni Nyamizi,
yule pale mlangoni, amekushikia faili.
Hakucheka.
Akaandika: thelathini na moja.

Nimonia iliingia mwezi wa pili, mabani yakiwaka usiku kucha,
harufu tamu ya jani linalokauka ikipita dirishani
nami nimelala nikiwa na kisu ubavuni.
Siku kumi na moja.
Homa ikaondoka, makohozi ya rangi ya kutu yakaondoka,
lakini ugonjwa ulipotoka haukufunga mlango.
Imebaki hii pumzi fupi,
kama mgeni aliyesahau kofia
na kila siku anairudia.

Sasa umbali naupima kwa vituo.
Mlangoni hadi chooni, kituo kimoja: nguzo ya kamba ya nguo.
Hadi dukani kwa Buchumi, vinne:
kisiki cha mninga, kalvati, ukuta wa Moravian,
halafu popote miguu itakapokubali.
Hapa Usoke watu wanasema,
Mzee Kapalata amekuwa mpole siku hizi,
anasimama na kila mtu, anauliza hadi habari za kuku.
Sisimami na mtu.
Nasimama na mbavu zangu, tunajadiliana.
Baiskeli ninayo, lakini ni ya kuegemea.

Buchumi naye, wiki za mwanzo,
akiniona tu mkono unakwenda wenyewe kwenye pakiti,
moja, na kiberiti juu yake.
Mkono wake ulichelewa kuacha kuliko mimi.
Sasa ananipa karanga za mia mbili.
Nazitafuna moja moja
na kidole bado kina ile njano,
nimekisugua kwa limau, kwa jivu, kwa jiwe.

Mwanangu Shija amelima ekari mbili za jani lile lile.
Ada za watoto zinatoka humo, na bati la nyumba hii.
Simsemi.
Jani halikunifuata mdomoni.

Jana Kalunde, darasa la nne, alileta daftari:
"Babu, pumua, pumzi, pumzika,
haya maneno ni ukoo mmoja?"
Ni ukoo mmoja, nikamwambia,
ila kwangu hawalali tena nyumba moja.
Akaandika hivyo hivyo.
Sijui mwalimu atampa nini.

Usiku nakaa, mito mitatu mgongoni.
Nyamizi haamki, ananena kutoka usingizini:
vuta subira.
Navuta.
Haina kichungi, haina moshi,
haiishi, wala huwezi kuizima ukutani
ukabakiza kipande cha asubuhi.

Leo alfajiri nilitangulia jikoni.
Mwezi uliopita kupuliza mkaa kulinishinda,
niliinama, dunia ikazunguka, wakanivuta kwa kola ya shati.
Leo nikapiga magoti.
Pumzi ya kwanza, jivu tu, likanirudia machoni.
Nikangoja. Nikahesabu hadi tisa.
Ya pili.
Kaa moja, dogo, likafunguka jekundu ncha yake
kwenye giza la jiko,
jekundu lile ninalolijua kuliko jina langu,
na kwa kitambo, nisikudanganye,
nikalitamani.

Kisha nikateleka chai.